Meza Isiyo na Mshindi

Mwaka 1969, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota, kijana aitwaye David Wesely aliwaalika wenzake kucheza vita. Halikuwa jambo geni. Kundi lao lilikuwa na mazoea ya kukutana, kupanga vijisanamu vya askari mezani, kupima hatua zao kwa rula, kurusha dadu na kubishana ni nani hasa aliyekuwa nyuma ya kilima. Safari hii Wesely alitaka kuongeza chumvi kidogo. Alibuni mji wa Kijerumani wa zama za Napoleon, akauita Braunstein, na pamoja na makamanda wa majeshi akaweka raia: mmoja awe meya, mwingine mwenye benki, mwingine mkuu wa chuo kikuu. Kila mmoja alipewa shabaha zake, na wengine hawakuzijua.

Mpango ulikuwa wachezaji wamfuate mmoja mmoja wamweleze wanachotaka kufanya, kisha vita vianze. Badala yake walizagaa, wakanong'onezana pembeni, wakasuka njama ambazo hakuwa ameziandikia kanuni yoyote. Wawili wakamjia na kumwambia kwamba wameitana kwenye pambano la ana kwa ana. Ikambidi atunge utaratibu wa pambano hilo papo hapo. Mchezo ukaisha bila vita vyenyewe kupiganwa. Wesely aliona amewaharibia wenzake muda wao. Wenzake walichotaka kujua ni lini watacheza tena.

Historia nyingi za mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons huanzia kwenye majoka na panga. Mimi naona zinaanzia mbali na kiini. Braunstein haikuwa na joka hata moja wala mchawi, lakini tayari ilikuwa na kile kinachoutofautisha mchezo huu na dama, sataranji au karata: mchezaji alikuwa mtu mmoja ndani ya dunia fulani, angeweza kujaribu jambo lolote, na kulikuwa na mtu wa kumjibu.

Huyo mtu wa kumjibu, mwamuzi, ana asili ndefu. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliyeendeleza kazi ya baba yake, alitoa kanuni za mchezo wa kuwafunzia maofisa vita juu ya ramani. Wachezaji waliandika amri zao, na mwamuzi ndiye aliyeamua matokeo kwa msaada wa dadu na majedwali. Mwaka 1880 Mmarekani Charles Totten akatoa kitabu chake, Strategos, kikimpa mwamuzi mamlaka makubwa zaidi, ikiwemo kushughulikia mambo ambayo kanuni hazikuyataja. Wesely alikikuta kitabu hicho kwenye maktaba karibu miaka 90 baadaye. Chombo kilichoundwa kuwapika maofisa wa jeshi kikaangukia mikononi mwa vijana waliotaka kuchekeshana, na huko ndiko kilikonawiri.

Katika kundi hilo alikuwemo Dave Arneson. Katika mchezo mwingine wa Wesely, uliowekwa katika jamhuri moja ya kubuni ya Amerika ya Kilatini, Arneson alikuwa mwanamapinduzi. Akajitengenezea kitambulisho cha bandia na kuwashawishi wenzake kwamba kumbe ni jasusi wa CIA. Hakuna kanuni iliyomruhusu kufanya hivyo. Hakuna iliyomkataza pia, na wenzake waliingia mkenge.

Wesely alipoingia jeshini, Arneson alishika kiti cha mwamuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliihamishia michezo hiyo katika nchi ya kubuni yenye ngome na mazimwi, Blackmoor, na chini ya ngome hiyo akachora vyumba na mapito gizani, wachezaji wakashuka kutafuta hazina. Kwa mapigano alitumia kitabu kiitwacho Chainmail, kilichokuwa kimechapishwa mwaka 1971. Hapo akakutana na tatizo linalostahili kuzingatiwa. Chainmail ilikuwa ya majeshi: pigo likifika, askari ameondoka mezani. Kwa kikosi cha mamia hilo halimuumizi mtu. Lakini mchezaji wa Blackmoor alikuwa na mtu mmoja tu, amempa jina, wiki iliyopita alimtoa kwenye shimo akiwa hai, na leo anaambiwa amekufa kwa dadu moja. Walilalamika. Arneson akageukia kanuni alizokuwa nazo za mapigano ya meli za kivita, ambamo meli huhimili mapigo kadhaa kabla ya kuzama na unene wa chuma chake huzuia makombora. Akaupa mwili wa binadamu hesabu ya aina hiyo: pointi za uhai na kipimo cha deraya.

Leo pointi za uhai zimeenea hadi kwenye michezo ya simu, na watu huzichukulia kama fundi mitambo anavyochukulia parafujo. Zilizaliwa kwa sababu wachezaji walikwishaanza kuwapenda watu wasiokuwepo. Arneson alikuwa pia akiweka kumbukumbu za kila mmoja: amepata nini, amejifunza nini, amepanda daraja gani. Anayeondoka mezani Jumamosi anaacha maisha yakimsubiri, na Jumamosi ijayo atayakuta pale alipoyaachia, yakiwa na madeni na maadui wake. Sataranji haimdai mtu namna hiyo.

Mmoja wa waandishi wa Chainmail alikuwa Gary Gygax, mkazi wa Lake Geneva, mji mdogo wa ufukwe wa ziwa katika jimbo la Wisconsin. Alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima huko Chicago, akapoteza kazi mwaka 1970, akawa anatengeneza viatu nyumbani huku akiandika michezo. Mwaka 1968 alikuwa ameanzisha mkutano wa wachezaji mjini kwake, Gen Con, ambao hadi leo unafanyika kila mwaka, ingawa umehamia Indianapolis na umekuwa mkubwa mno kwa ukumbi wake wa awali. Mwishoni mwa 1972 Arneson na mwenzake Dave Megarry waliendesha gari hadi Lake Geneva kumwonyesha Blackmoor. Gygax alicheza na akanasa. Akaomba maandishi ya Arneson, ambayo yalikuwa machache na ya ovyo ovyo, akaketi kwenye taipureta, akaandika. Jaribio la kwanza alilifanya kwa watoto wake mwenyewe, Ernie na Elise, katika dunia yake aliyoiita Greyhawk.

Ubishi kuhusu nani hasa aliutunga mchezo umekula karatasi nyingi, hata mahakama ikaingizwa. Kwa maoni yangu unakosa shabaha. Arneson alijua kuuendesha, hakujua kuuandika. Gygax alikuwa na subira ya kuandika majedwali usiku kucha na kiburi cha kuamini kwamba kuna mtu atayanunua. Angekosekana mmoja, pengine tusingekuwa na chochote ila kumbukumbu za wazee wachache wa Minnesota.

Mwezi Oktoba 1973 Gygax na rafiki yake wa utotoni, Don Kaye, walianzisha kampuni, Tactical Studies Rules, kwa kifupi TSR. Fedha za uchapaji ziliongezwa na Brian Blume. Mapema mwaka 1974 likatoka kasha la Dungeons & Dragons, lenye rangi ya mbao na vijitabu vitatu ndani yake, nakala 1,000, bei dola 10. Makasha yalipangwa kwa mikono. Kaye hakuwahi kuona faida: alifariki ghafla Januari 1975, akiwa na umri wa miaka 36.

Vijitabu hivyo vilikuwa vigumu kueleweka. Msomaji alitakiwa awe tayari na Chainmail, na kwa safari za porini alishauriwa kutumia ubao wa mchezo mwingine kabisa uliouzwa na kampuni nyingine. Dadu zenye pande 20 zilitoka kwa wauzaji wa vifaa vya shule, kwa kuwa nje ya somo la hesabu karibu hakuna aliyekuwa na haja nazo. Lakini mapengo hayo ndiyo yaliyofanya kazi. Walionunua kasha lile walinunua unga. Ugali iliwabidi wasonge wenyewe. Kila kundi likajaza pengo kwa namna yake, na ndani ya miezi kadhaa hapakuwa na meza mbili zilizocheza mchezo mmoja. Mwishoni mwa kijitabu cha tatu waandishi wenyewe waliwahimiza wasomaji wajiamulie mambo, wasisubiri wengine wawatungie fikra.

Wasomaji walitii kuliko ilivyotarajiwa. Vyuoni vijitabu vilirudufiwa kwa mashine za fotokopi. Mwaka 1975 huko Los Angeles mwanamke aitwaye Lee Gold alianza kukusanya barua na makala za wachezaji katika jarida, Alarums & Excursions, ambamo watu waligombana kila mwezi kuhusu kanuni gani ni sahihi na uchawi ufanye kazi vipi. Mwaka huo huo huko Arizona, Ken St. Andre aliyesoma vijitabu na kuchoka kuvielewa alijiandikia vyake, Tunnels & Trolls. Ikafuata RuneQuest mwaka 1978, katika dunia ya Greg Stafford iliyojaa miungu na matambiko, ambamo mtu hukomaa kwa kile anachokifanya badala ya kupanda madaraja. Hawa hawakuwa wapinzani wa mchezo. Walikuwa wanafunzi wake watiifu, wameambiwa wajiamulie, wakajiamulia.

Gygax hakulipenda hilo. Aliyehimiza uhuru mwaka 1974 akawa, miaka michache baadaye, mhubiri wa kanuni rasmi, akionya kwamba anayeongeza mambo yake mwenyewe hachezi tena mchezo wenyewe. Kati ya 1977 na 1979 alitoa vitabu vitatu vyenye jalada gumu vya Advanced Dungeons & Dragons. Ni kazi kubwa, hasa kitabu cha mwamuzi cha 1979, kilichojaa majedwali ya magonjwa, mishahara ya mamluki na bei za vito, kwa Kiingereza cha kizamani ambacho vijana wa miaka 12 walikisoma wakiwa na kamusi pembeni. Pia vitabu hivyo vilikuwa na faida ya kibiashara: kampuni ilidai kwamba mchezo huo ni mwingine, kwa hiyo Arneson, aliyekuwa ameondoka TSR mwaka 1976, hadai mrabaha. Arneson alishtaki mwaka 1979. Waliafikiana mwaka 1981.

Na vijana waliozipokea sheria hizo rasmi walifanya nini? Walichukua walichokipenda, wakaacha kilichobaki. Kanuni za silaha gani inafaa dhidi ya deraya gani zilirukwa na meza nyingi mno. Mwandishi alikuwa Lake Geneva. Mwamuzi alikuwa hapo hapo mezani, na neno la mwisho lilikuwa lake.

Mwaka 1979 mwanafunzi wa miaka 16 wa Michigan State University alitoweka, na mpelelezi binafsi aliyeajiriwa kumtafuta akawaambia waandishi wa habari kwamba huenda amepotelea katika mahandaki ya mvuke chini ya chuo akiigiza mchezo huo. Haikuwa hivyo, kijana alikuwa na huzuni zake nzito, na alipatikana Louisiana. Lakini hadithi ilikwishapata miguu. Mwaka 1982 ikatoka filamu ya televisheni, Mazes and Monsters, akiwemo Tom Hanks aliyekuwa bado chipukizi, na baadaye vikundi vya kidini vikasema mchezo unafundisha ushetani. Wazazi walichoma vitabu. Mauzo yakapanda. Kuna waliosema ni tangazo la bure, na ni kweli, ila naona hofu hiyo ilifanya pia jambo jingine: iliwageuza wachezaji kuwa watu wanaojuana kwa siri. Kijana aliyeficha dadu chini ya godoro hakusahau waliozificha pamoja naye.

Nje ya Marekani mchezo ulijifunza lugha za watu, na mara nyingi mtoto akampiku mzazi. Sweden walipata Drakar och Demoner mwaka 1982. Ujerumani walipata Das Schwarze Auge mwaka 1984, ambayo dunia yake, Aventurien, ina historia inayosonga mbele pamoja na wachezaji. Japani kundi moja lilicheza, likaandika maneno yaliyosemwa mezani na kuyachapisha jaridani kuanzia 1986. Masimulizi hayo yakawa riwaya na katuni za Record of Lodoss War. Watu waliyasoma kama riwaya, wakiwafuata wahusika waliozaliwa na dadu.

TSR yenyewe iliyumba. Gygax alisukumwa nje mwaka 1985, kampuni ikawa chini ya Lorraine Williams. Toleo la pili la Advanced lilitoka 1989. Katika miaka ya 1980 na 1990 zikaja dunia juu ya dunia: Dragonlance, Forgotten Realms, Ravenloft, Dark Sun, Planescape. Nyingine zilikuwa na ubunifu wa hali ya juu, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Aliyeipenda Dark Sun, jangwa linalokauka kwa sababu ya uchawi, hakuwa na haja ya kununua kitabu cha Ravenloft. Kampuni ilikuwa ikitengeneza wateja wa dunia moja moja na kushangaa kwa nini kila kitabu kinauzwa kidogo. Mwaka 1997 ikiwa taabani kwa madeni ilinunuliwa na Wizards of the Coast, waliotajirika kwa karata za Magic: The Gathering. Miaka miwili baadaye Wizards nao wakanunuliwa na Hasbro, watengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto.

Toleo la tatu, mwaka 2000, lilikuja na wazo la kijasiri lililosukumwa na Ryan Dancey: leseni huria iliyomruhusu mtu yeyote kuchapisha na kuuza vitabu vinavyotumia kiini cha kanuni. Hesabu yake ilikuwa kwamba watu hawakai kwenye mchezo kwa sababu ya ubora wa kanuni, wanakaa kwa sababu wenzao wapo. Kadiri watu wengi wanavyotumia kanuni za aina moja, ndivyo ilivyo rahisi kupata wa kukaa naye mezani. Vitabu vikamiminika, vibovu kwa vizuri. Kupitia leseni hiyo ndipo ilipotoka Nyambe, mwaka 2002, dunia iliyojengwa juu ya hekaya na historia za Afrika badala ya Ulaya ya ngome na mashujaa wa farasi, ikibeba jina la Muumba ambalo jamii kadhaa za Kibantu zinalitumia.

Kisha mwaka 2008 likaja toleo la nne. Nimelisoma, na nakiri kwamba kwa ufundi ni safi: kila mhusika ana kazi vitani, kila zamu ina uamuzi wa maana, mwamuzi hahitaji kukesha akiandaa. Wachezaji walilikataa kwa maelfu. Waliona kwamba mpiganaji na mchawi wamefanywa kufanana, na kwamba nje ya vita kitabu hakina mengi ya kusema. Pamoja na toleo hilo kampuni ilileta leseni mpya yenye masharti makali. Paizo, kampuni ndogo iliyokuwa ikichapisha majarida ya mchezo hadi yalipoondolewa mikononi mwake mwaka 2007, ilichukua kanuni za toleo la tatu ambazo leseni ya zamani iliziacha wazi, ikazipiga msasa na mwaka 2009 ikaziuza kwa jina la Pathfinder. Ndani ya miaka michache Pathfinder ilikuwa ikiipita Dungeons & Dragons katika maduka ya michezo ya Marekani. Wachezaji walibaki na mchezo wao. Ni jina lililohama. Wengine walirudi nyuma zaidi: tangu 2006 kwa kutumia leseni ile ile walifufua kanuni za miaka ya 1970 na 1980 na kuzigawa bure.

Gygax alifariki Machi 2008, Arneson Aprili 2009. Hakuna kati yao aliyeona toleo la tano, la 2014, ambalo Wizards walilipika kwa kuwauliza wachezaji hadharani kwa takriban miaka miwili. Ni toleo la upatanisho, halina makali, na huenda ndiyo sababu limefanikiwa. Mwaka 2015 waigizaji wa sauti wa California walianza kurusha michezo yao mtandaoni kwa jina la Critical Role, na umati wa watu wasiowahi kugusa dadu ukakaa saa nne nzima kila wiki kutazama wengine wakicheza. Kilichowashika watazamaji hakikuwa kanuni. Ni kuona mtu mzima akilia kweli kwa sababu rafiki yake wa kubuni hatarudi, na kujua kwamba hakuna aliyeliandika hilo mapema, mwamuzi mwenyewe akiwemo.

Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya ya Wizards. Ilikusudia kuifuta ile ya mwaka 2000, na wachapishaji wakubwa wangelipa mrabaha kwa mapato yanayozidi dola 750,000. Wachezaji wa kawaida hawakuwa na mapato yoyote ya kulipia, lakini ndio waliowaka. Walifuta usajili wao wa kulipia kwenye huduma ya kampuni. Paizo na wengine wakatangaza kuandaa leseni yao ya pamoja. Kampuni ikatoa rasimu iliyolegezwa na kuomba maoni. Zaidi ya watu 15,000 walijibu, na wengi mno walisema hapana. Tarehe 27 mwezi huo huo kampuni ilisalimu amri, na zaidi ya hapo: iliweka kiini cha kanuni za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa.

Kesi ya Arneson, kanuni rasmi za Gygax, leseni ya 2008 na rasimu ya 2023 vyote vilijaribu kuweka umiliki mahali ambapo hautaki kukaa. Huko London, ule mji wa Ontario nchini Kanada, yupo profesa mmoja wa historia ambaye ameendesha mchezo ule ule, katika dunia ile ile, tangu mwaka 1982, kwa kanuni alizozirekebisha mwenyewe. Katika miaka hiyo kampuni imebadilisha wenye mali, imenusurika kufilisika, na imetoa matoleo ambayo yeye hakuyahitaji. Vitabu vilivyofanyiwa marekebisho vilianza kutoka mwaka 2024, mchezo ulipotimiza miaka 50, na Posta ya Marekani ikatoa stempu za kuuenzi. Meza nyingi zilivinunua. Nyingine zilipiga kura zikabaki na vya 2014, na zipo ambazo bado zinabishana, katikati ya mchezo, kama upanga wa fedha unamfaa mtu dhidi ya zimwi lile.